Wagombea wetu wanatulilia sana kwenye status, ila hawatuambii ofisi wanayoiomba itafanya nini

Naomba niliseme hili saivi kampeni zimeshapita, maana ukilisema wakati wa kampeni watu wanakuuliza umetumwa na nani. Nimekuwa nafuatilia meseji za wagombea wetu wa mitaa na udiwani hapa Mwanza tangu zile kampeni za serikali za mitaa za Novemba 2024, zile za siku saba tu, tarehe 20 mpaka 26 alafu kura tarehe 27, nikaendelea nazo mpaka udiwani wa 2025. Nazisoma kwenye magrupu ya WhatsApp, Facebook, Instagram, status za watu, na TikTok nako wapo siku hizi. Na nazifahamu kuliko watu wengi kwa sababu mi nina stesheneri huku Kirumba, nachapa, natoa kopi, natengeneza poster, na mgombea akija kutengenezewa poster anataka na maneno ya kwenda nayo, anakaa pale pembeni anakwambia andika hivi, hapana futa, andika hivi.

Kuna kitu kimenikaa moyoni. Karibu wote wanaanza na hisia na wanamaliza na hisia. Anaumia. Ana uchungu na kata yake. Anawapenda wananchi wake kuliko nafsi yake. Ana deni kwa jamii iliyomlea. Ni mtoto wa mvuvi, ni mtoto wa mama ntilie, amezaliwa hapa amekulia hapa, amesoma kwa shida, anaijua njaa. Anasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, mwadila bhabha, mwadila mayu, hata kama kwa kawaida hasalimiani hivo na mtu. Sawa, yote mazuri, alafu ukisoma mpaka mwisho unatafuta sehemu moja tu inayosema mimi nikiwa diwani, au mimi nikiwa mwenyekiti wa mtaa, hiki kinachonitoa machozi nitakifanyia hivi kupitia njia hii, huioni. Inaishia kwenye Mungu ibariki kata yetu na namba ya simu.

Nieleweke vizuri jamani. Mi siamini kwamba hisia hazina nafasi kwenye siasa. Wapo wasomi wetu fulani ukikaa nao wanakwambia mwananchi apewe sera, apewe takwimu, hayo ya machozi ni ya watu wasiosoma. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama anayeshuka na ndoo kutoka kule juu ya mawe Igogo au Mabatini kufuata maji chini, alafu anapanda nayo kichwani kwenye ngazi za mawe, yule anaishi na maumivu ya mgongo, na mgombea akiyaandika maumivu yale kwa ukweli wake amefanya kazi ambayo ripoti haifanyi. Mji wetu umejengwa milimani na tunapakana na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na chanzo cha Butimba kimeongeza uwezo wa lita milioni 48 kwa siku juu ya kile cha zamani cha Capri Point, na bado kuna nyumba unaliona ziwa kutoka dirishani ila bombani hakuna kitu kwa sababu kuyapandisha maji kule juu kunataka pampu na matenki. Mtu akiandika hilo kwa hasira, hasira yake ni halali kabisa. Mi mwenyewe ninayo.

Shida yangu ni hasira isiyoelekezwa popote. Maji ya mjini hapa yako kwa MWAUWASA, ile mamlaka ya maji ya Mwanza. Barabara za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, haziko tena mikononi mwa halmashauri kama zamani. Vivuko vya ziwani viko kwa TEMESA, wakala wa serikali kuu. Kwa hiyo mgombea udiwani anapopiga picha amesimama kwenye tope na raba zake, uso umekunjamana, anaandika "inaniuma sana kuona mama zangu wanapita hapa", watu wanaweka kopa na mikono ya kuomba, hakuna anayemuuliza sasa wewe diwani utaibana TARURA kwa njia gani. Na jibu lipo! Diwani anakaa kwenye baraza, anaweza kupeleka vipaumbele vya kata yake, anaweza kumuuliza meneja wa TARURA maswali mbele ya watu, anaweza kupigania sehemu ya mapato ya ndani iende kwenye kivuko cha mtaro au kalavati. Ni kazi kweli kweli. Ila haiandikwi, kwa sababu ukiandika kalavati huambiwi una moyo wa huruma.

Kuna mzee mmoja alikuja pale dukani wakati wa serikali za mitaa, anagombea uenyekiti, mtu wa heshima zake. Nimemwamkia shikamoo, tumekaa, nimemuwekea picha vizuri, akaniambia mdogo wangu hapo chini weka maneno ya kuwagusa watu. Nikamuuliza yawaguse wapi mzee, kwenye nini? Akasema wewe yaweke tu yawaguse. Nikaona nisiandike tu, nikamuuliza wewe mwenyewe nini kinakukera pale mtaani. Aliongea mpaka wateja wengine wakaanza kulalamika. Alisema kinachomkera ni watu kwenda ofisi ya mtaa kutaka barua ya utambulisho, mtoto anataka kwenda chuo, mama anataka kufungua akaunti, wanaambiwa toa hela ya karatasi, asiyekuwa nayo anarudi kesho na kesho kutwa. Alivyokuwa anasema sauti yake ilibadilika. Sasa nikamwambia mzee si ndo hilo, hilo ndo la kuandika, na liko ndani ya uwezo wa ofisi unayoiomba. Tukaandika, mistari michache tu, kwamba barua haitauzwa kwenye mtaa huu nikiwa mimi mwenyekiti, na ukiombwa hela nipigie. Sijawahi kuandika kapsheni ya mgombea iliyokuwa na uchungu kama ile, na hakukuwa na neno uchungu hata moja ndani yake.

Ndo maana nasema uchungu wa kweli una mahali pake. Unajua jina la korongo, unajua saa ambayo maji yanaingia ndani, unajua nani alisainiwa na nani alirudishwa. Ule wa kuazima unasema "wananchi wangu wanateseka" ukaishia hapo, unaweza kuukata ukaubandika Nyakato, Buhongwa, Sangabuye, Misungwi, usibadilishe kitu zaidi ya jina la kata, na kwa kweli wanafanya hivo, nimeletewa meseji ya mgombea wa mkoa mwingine kabisa nikaambiwa hii ni nzuri, badilisha jina tu.

Sasa kwa nini wanaandika hivi wote? Mi naona sio kwamba ni watu wabaya. Wanaona kinachosambaa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kwenye jarida la PNAS, walichambua tweet 563,312 za kuhusu silaha, ndoa za jinsia moja na mabadiliko ya tabianchi, wakakuta kila neno moja lenye hisia na maadili kwa pamoja, maneno ya aina ya aibu, uovu, chuki, likiongezwa kwenye tweet, kusambaa kwake kunapanda kwa kama asilimia 20. Ni Kiingereza na ni Marekani, lakini walipata na jambo la pili ambalo nikilisoma naona kama wanaongelea magrupu yetu, kwamba huko kusambaa kulikuwa zaidi ndani ya kundi lile lile lenye msimamo ule ule, hakuvuki sana kwenda upande wa pili. Yaani yale maneno makali yanawapandisha munkari waliokuwa na wewe tayari. Yule wa upande mwingine wala hayamfikii kwa wema.

Na mitambo yenyewe nayo ilichochea. Facebook walileta zile alama za hisia, kopa, kucheka, kushangaa, huzuni, hasira, mwaka 2016, na kuanzia 2017 mfumo wao ukawa unahesabu alama moja ya hisia sawa na laiki tano. Hayo yalikuja kujulikana 2021 nyaraka zao zilipovuja. Ina maana kwa miaka hiyo posti ya kukukasirisha ilikuwa inabebwa mbele za watu kuliko posti uliyoisoma kwa utulivu ukaikubali. Baadae hasira wakaishusha mpaka sifuri, 2020, walipoona inabeba uongo mwingi. Ila wanasiasa walikuwa wameshajifunza somo, na mgombea wa kata ya Bugogwa au Igoma ambaye hajawahi kusikia habari za nyaraka hizo anajua kwa uzoefu tu kwamba ile posti ya bajeti ilipata laiki za ndugu zake, ile ya machozi ilifika Sengerema.

WhatsApp ni habari nyingine, na huko ndiko uchaguzi wa mtaa unakopigwa hasa. Kule hakuna mtambo unaochagua, ni mimi na wewe ndo tunaoforwadi. Tangu 2020 meseji iliyosambazwa mara nyingi, ile yenye mishale miwili, huwezi kuituma zaidi ya chati moja kwa wakati, lakini mtu akiamua anaituma moja moja mpaka usiku wa manane, au anaichezesha kwenye simu nyingine anairekodi upya. Na kinachosafiri kuliko vyote ni voisi noti. Maandishi unaweza kuyarudia ukayapima, sauti inakuingia. Kuna zile zinazokuja siku mbili tatu kabla ya kura, mtu anaongea kwa kunong'ona kana kwamba amejificha, "ndugu zangu nawaambia kwa uchungu, mkimpa yule mtaa umeuzwa", haelezi umeuzwa kwa nani, kiwanja kipi, karatasi ipi. Kwenye mtaa ambao watu wengi wanakaa milimani bila hati, urasimishaji haujafika au umeishia njiani, hofu ya kuuziwa ardhi sio mchezo. Mama mmoja mteja wangu, mjane, aliniletea simu nimsikilizishe tena sauti ya namna hiyo, alikuwa anatetemeka, aliamini kabisa nyumba yake itavunjwa. Mgombea aliyesemwa kwenye sauti ile alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, ambao haumpi mtu mamlaka ya kuvunja nyumba ya mtu. Nilimweleza, akaelewa, lakini usiku aliokuwa ameshaupoteza hauwezi kurudi, na wengine wangapi hawakuwa na pa kuuliza.

Hiyo hofu ndo inayoniudhi kuliko yote. Huruma ya kuazima angalau inakuacha mzima. Hofu inakufanya umwogope jirani yako, na uchaguzi wa mtaa una shida hiyo ya peke yake, kwamba mgombea na mpinzani wake wanachota maji sehemu moja, watoto wao wako darasa moja, wake zao wako kikoba kimoja. Mbunge akitukanwa anapanda ndege anaenda Dodoma. Huyu wa mtaa akiitwa mwizi kwenye grupu anakutana na waliomwita pale kwenye genge la nyanya kesho yake asubuhi. Nimeona vikoba vikivunjika. Nimeona msiba ambao watu fulani hawakwenda kuzika kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa Novemba, na sisi watu wa kanda hii tunajua uzito wa kutokwenda kumzika jirani.

Niseme na la wanawake, hili linaniuma na silioni likiandikwa. Mwanaume akiandika "nimelia nilipoona hali ya zahanati yetu" koment zinakuja huyu ndo kiongozi, ana moyo, baba lao. Mwanamke akiandika kitu kile kile, hata kwa maneno yale yale, anaambiwa hawa ndo kazi yao kulia, hapa tunataka mtu jasiri. Akiamua kuandika kwa ukali anaambiwa ana kiburi, nyumbani kwake anaishije. Kuna dada mmoja aligombea kule Mabatini karibu na mto Mirongo, aliandika kuhusu maji ya mvua yanavyoingia ndani usiku na taka zinazotupwa mtoni zinavyoziba njia ya maji, akasema akipata ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu wa mtaa itakuwa ni hizo taka, na mapato na matumizi yatasomwa mbele ya watu. Ndani ya meseji moja kulikuwa na hasira, kuna mahali, kuna njia. Kwangu ilikuwa meseji bora kuliko zote nilizosoma mwaka ule. Koment ya kwanza ilimuuliza kama ameolewa. Nilitamani nijibu kwa matusi, sikujibu hivo, nikamwandikia pembeni nikamwambia dada yangu umeandika vizuri, usifute. Hakufuta.

Watu wa mialoni nao wana lao. Ukienda Mwaloni pale Kirumba au ukashuka Kayenze, wagombea wanajua jeraha liko wapi, watu hawajasahau Operesheni Sangara ya 2018, ile ya serikali ya kupambana na uvuvi haramu, nyavu zilipochomwa moto. Kila uchaguzi linaguswa. "Nyavu zenu zilichomwa na mimi niliumia." Sawa, uliumia, lakini urefu wa sangara anayeruhusiwa na ukubwa wa tundu la nyavu vinapangwa na wizara, diwani hana sauti ya mwisho hapo. Anapokuwa na sauti ni kwenye ushuru. Sheria ndogo za ushuru wa halmashauri zinapita kwenye baraza la madiwani, yeye ananyoosha mkono pale, kwa hiyo yule mama anayenunua dagaa kwa ndoo akakutana na mtu wa mashine ya POS kabla hajauza hata kisado, huyo mama diwani anaweza kumsaidia. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudi 2024, hiyo nayo ni ya kuuliza majina ya vikundi vilivyopata kwenye kata. Mgombea anayemlilia mvuvi na hataji ushuru wala hataji asilimia 10, huyo hajaumia na mvuvi bado, ameona tu kwamba mvuvi anaumia.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sitalisamehe. Kampeni za 2025 zilianza tarehe 28 Agosti, kwa hiyo katikati yake ikaangukia tarehe 20 Septemba. Kwa watu wa Ukerewe na kwa sisi wote wa ukanda wa ziwa tarehe hiyo ni MV Nyerere, 2018, kivuko cha kubeba watu 101 kilichopinduka karibu kabisa na Ukara kikiwa kimejaza zaidi ya mara mbili ya hapo, tukazika zaidi ya watu 220. Nina watu niliowajua kwenye zile orodha. Kukumbuka ni haki, tuwakumbuke kila mwaka. Lakini kuna aliyeniletea kazi, mgombea, anataka poster yenye mshumaa, picha ya kile kivuko kikiwa kimelala, na uso wake mkubwa upande wa kulia na nembo ya chama, chini tarehe ya kupiga kura. Nilimwambia kaka hii siifanyi. Akaniuliza kwani ubaya uko wapi, mimi pia nilifiwa. Nikamwambia kama ulifiwa weka jina la marehemu wako, toa uso wako na toa tarehe ya kura, hiyo nitakufanyia bure. Au kama unataka kuwagusa watu wa visiwani andika kwamba utauliza kila kikao kuhusu maboya kwenye mitumbwi na idadi ya watu wanaopanda. Aliondoka, na nadhani alipata pa kutengenezewa kwa sababu jioni nilianza kuona zinazofanana na hiyo kwenye status. Watu wakaweka mikono ya kuomba. Mi nilikaa naangalia nikashindwa kula.

Kufiwa kwa watu hakutumiki hivo. Ukimkumbusha mtu maiti yake, umkumbushe ili umpe pole, au uhakikishe hazami mwingine. Zaidi ya hapo umemchokonoa kidonda ili akupe kura.

Fahari nayo ilitumika sana, nisiache kusema ingawa hiyo hainisumbui kama hofu. Daraja la Kigongo Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, karibu kilomita 3 juu ya maji, kila mgombea akawa nalo kwenye poster, hata wa udiwani wa kata ambayo haioni hata ziwa. Tunalipenda daraja, wagonjwa kutoka ng'ambo walikufa wakisubiri feri, kwa hiyo kujivunia ni haki yetu. Ila ni kazi ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na serikali kuu, na diwani akijipamba nalo anatuondoa kwenye swali la mtaro wa mtaani kwake.

Kata nyingi mwaka 2025 ushindani wa kweli uliishia kwenye kura za maoni za CCM, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, mwezi Agosti, CHADEMA hawakuwepo kwenye karatasi. Na hapo nilijifunza kitu kingine kwenye meseji za wale ambao majina hayakurudi, yaani chama hakikuwapitisha. Mtu aliyekuwa akilia juu ya zahanati mwezi mzima, jina lake lisiporudi anapost ya shukrani, amepokea kwa moyo mkunjufu, anamtakia mwenzake kheri, na zahanati haitajwi tena mpaka leo. Wawili watatu tu niliowaona waliendelea. Mmoja anafuatilia mpaka saivi lile choo cha shule ya msingi alilokuwa analiandika, anaweka picha, anaandika tarehe aliyoenda kwa mtendaji na alichojibiwa, hana cheo chochote. Sijui kama atagombea tena, akigombea mi poster yake ni bure.

Alafu ikaja tarehe 29 Oktoba. Wote tunajua kilichotokea, vurugu, intaneti ikazimwa nchi nzima siku ile ile ya kura, watu wakafa kwenye miji kadhaa na Mwanza ilikuwemo. Sina haja ya kurudia kila kitu hapa, wafiwa wapo na wanasoma. Ila mtandao uliporudi mi niliingia kwenye kurasa za wale wagombea wetu, wale waliokuwa wanatuita mama zangu, baba zangu, wadogo zangu, moyo wangu uko kwenu. Nilikuwa natafuta neno moja tu, poleni. Kurasa nyingi zilikuwa zimesimama kwenye posti ya mwisho ya kampeni, ile ya kuomba kura, hakuna kilichofuata. Wengine walirudi wiki kadhaa baadae wakaweka picha za kuapishwa. Naelewa kulikuwa na woga, kila mtu alikuwa na woga, sikatai. Lakini mwenyekiti wa mtaa mmoja huku huku kwetu, mtu ambaye wakati wa kampeni hakuwa na maneno matamu hata kidogo, aliandika kwenye grupu mistari miwili, kwamba anapita nyumba kwa nyumba kujua kila mtu yuko wapi na asiyemwona mtu wake amwambie. Akapita kweli. Alifika mpaka kwangu, akauliza tuko wangapi humu ndani, akaandika kwenye daftari, akaenda mlango wa pili.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyopokea kazi. Mgombea akija, na 2029 watakuja tena wa mitaa, namuuliza maswali kabla sijafungua kompyuta: kitu gani, mahali gani, kikao gani, na ofisi hiyo inaruhusiwa kufanya nini juu yake. Akijibu namwandikia na machozi yake yote anayotaka, tena nitayatafutia rangi nzuri. Asipojibu namtengenezea picha, jina na tarehe basi, maneno akaandike mwenyewe.

Na kwa sisi wasomaji, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, unaruhusiwa kukaa ukasikiliza, watu wengi hawajui hilo. Mi meseji za diwani wetu za kampeni ninazo zote kwenye simu, sijafuta hata moja, na nimeziprinti. Wewe uliyeko Magu, Buchosa, Ukerewe, Kwimba, kama na wewe umezihifadhi za kwako nitumie, ficha namba za watu wa kwenye grupu, nataka nizipange kata kwa kata kabla ya kikao kijacho cha baraza ili nikienda niende nazo mkononi.